Njia ya Upepo

Joto ni uhai wa injini, na joto ni mauti yake. Pasipo joto petroli haigeuki kuwa nguvu; joto likipita kiasi, madini yaliyoumbwa kwa ustadi hulegea mithili ya nta. Baina ya pande hizi mbili ipo njia nyembamba, na kazi ya fundi na rubani ni kuijua na kuifuata. Katika insha hii nataka kueleza niliyojifunza juu ya jambo hilo kwa kuitazama ndege moja ndogo, iliyoundwa kwa mikono ya mtu mmoja katika gereji ya nyumba yake.

Huenda msomaji akashangaa kusikia kuwa ndege yaweza kuundwa nyumbani. Katika nchi ya Marekani jambo hili ni halali na la kawaida. Sheria yamruhusu mtu kujiundia ndege kwa kujifunza na kujifurahisha, mradi sehemu kubwa ya kazi iwe imetendwa kwa ajili hiyo, na mkaguzi aitazame ndege kabla haijaruka. Mwaka 1953 waundaji wa namna hii walianzisha chama chao katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, na tangu mwaka 1970 mkutano wao mkubwa wa kiangazi hufanyika katika mji wa Oshkosh, katika jimbo hilo hilo. Maelfu ya ndege hutua huko, na nyingi zimetoka katika magereji na mabanda ya watu wa kawaida: walimu, wakulima, makarani na mafundi wa magari.

Mimi nilikaa miaka minne katika jimbo hilo kwa ajili ya masomo. Jirani yangu alikuwa mwalimu mstaafu wa useremala. Nilipenda kumwita Mzee, na nilipomweleza kuwa kwetu neno hilo ni la heshima, alilipenda akalishika. Kwa muda wa miaka saba alikuwa akikata mabati ya alumini, akiyatoboa na kuyapiga ribiti, mpaka gereji yake ikajaa mbawa na mkia. Gari lake lililala nje katika theluji. Ndege ilikuwa na viti viwili, na puani mwake iliwekwa injini ya Lycoming yenye silinda nne, mbili kulia na mbili kushoto, na nguvu za farasi 160. Mimi nilikuwa mshika taa na mpokeza spana. Kazi ndogo, lakini mshika taa huona mengi.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba injini ni mtumiaji badhiri. Katika joto lote linalotolewa na petroli inapoungua, ni robo tu, au theluthi ikiwa injini ni njema sana, inayogeuka kuwa kazi ya kuzungusha rafadha. Sehemu kubwa ya joto lililobaki hutoka pamoja na moshi; iliyosalia huingia katika madini ya silinda na katika mafuta ya kulainisha. Joto hilo lisipoondolewa kila dakika, hujilimbikiza. Vichwa vya silinda hutengenezwa kwa alumini, na alumini hupungukiwa na nguvu kadiri inavyozidi kupata moto, hata kabla haijakaribia kuyeyuka. Hapo nyufa huanza, vali hukwama, na injini huweza kunyamaza. Gari likinyamaza, dereva huegesha kando ya barabara. Angani hakuna kando ya barabara.

Gari hupozwa na maji yazungukayo katika rejeta. Ndege ndogo nyingi hazitumii maji, maana maji ni mzigo, na bomba likipasuka safari imekwisha. Badala yake silinda zake huvishwa mapezi membamba mengi, yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, na upepo hupita katikati yake. Mtu wa pwani amiminapo chai ya moto katika kisahani hufuata kanuni hiyo hiyo: chai haikupungua, lakini uso wake umepanuka, na hewa hupata mahali pengi pa kuligusa joto na kulichukua.

Msomaji aweza kusema: Ikiwa upepo ndio dawa, basi ndege iendayo kasi haiwezi kukosa dawa. Na mimi nilidhani hivyo, kama wadhanivyo wote wanaoitazama kwa mara ya kwanza. Ukweli ni kwamba upepo ni mvivu: hupita palipo rahisi. Ukiiacha injini wazi, upepo huzigusa silinda kwa mbele na kuziruka kwa nyuma, na mgongo wa silinda hubaki katika kivuli chenye joto. Kwa hiyo injini hufunikwa. Mbele, kila upande wa rafadha, huachwa mdomo mmoja wa kuingizia hewa. Hewa ikiingia hujaa juu ya injini na kusongamana. Pande zote huzibwa kwa vikingio vya bati na kingo za mpira, ili isibaki njia ila moja tu: kushuka chini katikati ya mapezi. Ikiisha kushuka hutoka kwa tundu lililo chini na nyuma ya kifuniko.

Fikiri juu ya chumba chenye dirisha moja. Lipanue dirisha hilo upendavyo. Upepo utabisha hodi, lakini hautapita. Fungua dirisha la pili upande wa pili, hata likiwa dogo, na mapazia yataanza kucheza. Hewa huenda kwa sababu huku kuna msongo mkubwa na kule kuna msongo mdogo. Tofauti ya misongo hiyo miwili ndiyo inayoipoza injini.

Mafuta nayo yana sehemu yake katika kazi hii. Watu wengi hudhani mafuta ni ya kulainisha tu, lakini pia ni mchukuzi wa joto: huyatoa chini ya pistoni na katika beringi madini yasikoweza kufikiwa na upepo, yakaenda katika rejeta ndogo ya mafuta, yakapoa, yakarudi kazini. Kwa injini kama ile ya Mzee, kiwanda kimeweka mpaka wa nyuzi 118 za sentigredi kwa mafuta, na nyuzi 260 kwa vichwa vya silinda. Mpaka huo ni ukuta, wala hakuna mwenye busara anayetembea akiusugua ukuta kwa bega. Marubani wengi waangalifu hutaka silinda zikae chini ya nyuzi 205 hivi katika safari, na mafuta yakae karibu na nyuzi 82.

Kwa nini mafuta yasiwe baridi zaidi, ikiwa joto ni adui? Hapa pana fundisho. Kilo moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji wenye uzito unaozidi kilo moja, kwa sababu haidrojeni iliyomo hujiunga na oksijeni ya hewani. Sehemu ndogo ya mvuke huo hupenya kando ya pistoni na kuingia katika mafuta. Mafuta yakiwa na moto wa kutosha, maji hayo hufukizwa yakatoka. Yakiwa baridi, maji hukaa humo, yakazaa asidi na kutu, na injini huliwa kimya kimya. Kumbe adui ni kukosa kiasi, na kiasi kina pande mbili.

Shida hii ni ya zamani kama kuruka kwenyewe. Injini ya ndugu Wright, waliporuka tarehe 17 Desemba 1903, ilitengenezwa na fundi wao Charles Taylor katika karakana ya baiskeli. Nayo ilipozwa kwa maji. Ilipowashwa ikiwa baridi ilitoa nguvu karibu na za farasi 16, lakini baada ya dakika moja hivi ya kupata moto ilishuka mpaka 12. Nguvu hizo 12 zilitosha, na dunia ikabadilika. Louis Blériot alipovuka mlango wa bahari baina ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1909, injini yake ya Anzani ilikuwa mashuhuri kwa kupata moto kupita kiasi. Husimuliwa kwamba manyunyu ya mvua ndiyo yaliyoipoza njiani. Kisha mwaka 1928 wataalamu wa Langley, jimbo la Virginia, walionyesha kwamba injini ipozwayo kwa upepo yaweza kufunikwa vizuri na bado ikapoa. Ndege waliyoijaribu iliongeza mwendo kutoka kilomita 190 kwa saa mpaka 220, kwa injini ile ile. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba kufunika ni kuchoma. Wataalamu wale hawakuongeza upepo, waliuonyesha njia.

Ndege ya Mzee iliruka kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa mwezi wa Juni. Sheria ya huko humtaka mwenye ndege mpya kuijaribu kwanza katika eneo alilopangiwa, kwa kawaida kwa saa 25 au 40, pasipo kuchukua abiria. Kwa hiyo mimi nilibaki chini na daftari, naye akapaa peke yake juu ya misitu na maziwa. Injini mpya ina tabia yake: ringi za pistoni bado hazijazoeana na kuta za silinda, hukwaruzana nazo, na joto huwa kubwa kuliko litakavyokuwa baadaye. Hata hivyo dawa yake ni kuifanyisha kazi kwa nguvu, maana ukiibembeleza mno kuta hupata mng'aro na ringi hazikai kamwe. Hebu tafakari ugumu wake: ifanyishe kazi kwa bidii, lakini usiichome.

Katika safari ya tatu, ndege ikiwa bado inapanda, silinda ya tatu, iliyo kulia na nyuma, ilifika nyuzi 228, na zile nyingine zilikuwa karibu na 200. Mzee alifanya mambo matatu, moja baada ya jingine, kama alivyojifundisha akiwa ardhini. Aliishusha pua ili mwendo uongezeke na upepo uingie kwa nguvu zaidi. Aliuacha mchanganyiko ukiwa na petroli nyingi, kwa kuwa petroli ya ziada huupoza moto ndani ya silinda. Kisha alipunguza nguvu ya injini. Kipimo kilirudi nyuma polepole, naye akatua salama. Nilipomlaki alikuwa ameloa jasho, na juu ya karatasi iliyofungwa gotini mwake tarakimu zote zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko ulionyooka.

Sasa likaja jaribu lenyewe. Mkutano wa Oshkosh ulikuwa karibu, mwishoni mwa Julai. Kwa miaka saba Mzee alikuwa ameota kutua huko kwa ndege yake, na marafiki walikuwa wamekwisha kuahidiwa. Jioni ile alichukua msumeno mdogo, akasimama mbele ya midomo ya kifuniko, akataka kuipanua ili hewa nyingi zaidi iingie. Nilishika taa. Kilichomzuia ni maneno ya fundi mmoja mzee wa kiwanja kile, aliyekuja kutazama na mikono yake mifukoni. Alimuuliza kama alikuwa amekwisha kuhakikisha kuwa kipimo chasema kweli. Mzee akauweka msumeno chini.

Tulianza na kipimo. Kidude cha kupimia joto la mafuta tulikitia katika sufuria ya maji yanayochemka, nacho kikaonyesha nyuzi 99, kama ilivyopasa mahali pale. (Mwanafunzi wa Nairobi akijaribu hivyo asikilaumu kipimo: huko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka katika nyuzi 94 hivi.) Kisha tulibadilishana vidude vya silinda ya tatu na ya nne. Joto halikukifuata kidude. Lilibaki katika silinda ile ile. Basi kipimo kilikuwa shahidi mwaminifu, na kosa lilikuwa kwingine.

Usiku wa pili tulitia taa kali chini ya injini, tukazima taa za banda, tukachungulia kutoka juu. Miale ilipenya kila mahali: penye pembe za bati, pembeni mwa mpira, kando ya rejeta ya mafuta. Kila mwale ulikuwa mlango wa kutorokea hewa, hewa iliyoingia kwa jasho la injini na kutoka bila kugusa pezi hata moja. Methali yetu husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuliziba nyufa zile moja moja kwa utomvu wa silikoni uvumiliao joto. Mzee alitia pia mpira mwembamba wenye maji ya rangi, uliopindwa mfano wa herufi U, ncha moja juu ya injini na ncha ya pili chini yake, ili aione kwa macho ile tofauti ya misongo. Kabla ya kuziba, maji yalitofautiana kwa sentimita 7 wakati wa kupanda. Baada ya kuziba, yalitofautiana kwa sentimita 10. Midomo ya mbele ilikuwa ile ile.

Silinda zote zilipoa kidogo, lakini ya tatu iliendelea kuwatangulia wenzake. Fundi alituonyesha sababu yake. Nyuma ya silinda hiyo mapezi ni mafupi, na bati la kikingio lilikuwa limelala juu yake likiwa limebana, hata upepo haukupata pa kupita. Alilegeza skrubu, akapachika washa nene baina ya bati na silinda, akakaza tena. Nafasi iliyopatikana haikuzidi unene wa penseli. Kesho yake silinda ya tatu haikupita nyuzi 207 katika kupanda, na baada ya saa chache, ringi zilipokwisha kukaa, ilishuka chini zaidi. Senti chache za washa zilifanya kazi ambayo msumeno usingeifanya. Na msumeno ukiisha kukata, haurudishi.

Lakini siku zilikuwa zimekwenda. Kila badiliko lilidai safari yake ya majaribio, kwa kuwa Mzee hakukubali kubadili mambo mawili kwa pamoja. Alisema ukibadili mawili hujui lipi lililokuponya. Mkutano wa Oshkosh ulifika na kupita, na saa zake hazijatimia. Baadhi ya marafiki walimcheka. Wengine walimshauri aende tu, kwa kuwa safari ni fupi. Yeye alikwenda kwa gari, akaegesha mbali, akatembea siku nzima baina ya ndege za wenzake akichungulia vikingio vyao na kuandika. Sikuona huzuni usoni pake, ingawa najua ilikuwapo. Katika mambo yote niliyoyaona katika ujenzi wa ndege ile, hilo ndilo lililonipa heshima kubwa kwake. Kuthubutu kuruka ni ushujaa. Kuwa tayari kuruka mbele ya macho ya watu, kisha ukakataa kwa sababu tarakimu moja haijakaa sawa, ni ushujaa ulio mgumu zaidi, kwa maana haupigiwi makofi.

Majira ya baridi yalileta fundisho la upande wa pili. Nje kulikuwa na baridi ya kugandisha maziwa, na mafuta ya injini hayakutaka kupanda juu ya nyuzi 60. Mtu yule aliyetumia kiangazi kizima kutafuta baridi sasa alibandika utepe juu ya sehemu ya rejeta ya mafuta ili kuhifadhi joto. Kabla ya kuwasha injini aliipasha moto kwanza, kwa sababu mafuta mazito hayakimbii upesi kwenda panapotakiwa. Na katika daftari, kwa wino mwekundu, aliandika: Utepe uondolewe majira ya kuchipua. Aliijua hatari ya dawa ya jana kugeuka sumu ya kesho.

Mafunzo haya hayakufungwa Wisconsin. Rubani anayeondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hupaa katika hewa iliyo nyepesi kuliko ile ya Mombasa. Hewa nyepesi huchukua joto kidogo zaidi, na injini inayoivuta hutoa nguvu kidogo zaidi, hata ndege ikapanda kwa uvivu. Mchana wa jua kali yampasa asikawie ardhini injini ikinguruma, aielekeze pua kwenye upepo anaposubiri, na aridhike kupanda kwa mwinuko mdogo wenye mwendo mzuri. Macho yake yasitazame tu kama kipimo kimefika mpaka. Yatazame pia kinaelekea wapi na kwa haraka gani. Silinda moja ikipanda ghafula peke yake, huo ni ukelele wa kuomba msaada, na mkono upunguze nguvu kwanza, maswali yafuate baadaye.

Vijana wasomaji, wengi wenu hamtaunda ndege, lakini kila mmoja wenu atapewa siku moja chombo cha kutunza: pampu ya maji, jenereta ya shule, mashine ya kusaga, au gari la mtu mwingine. Kila chombo kifanyacho kazi hutoa joto, na joto lazima lipewe njia. Kitakapowaka moto mikononi mwenu, msianze na msumeno. Ulizeni kwanza kama kipimo chasema kweli. Kisha tafuteni nyufa, mzizibe moja moja. Kisha tazameni kama pana mahali palipobanwa ambapo washa moja ingetosha. Ndege ya Mzee bado ina midomo ile ile aliyoikata siku ya kwanza, na alama ya penseli, mahali ambapo msumeno ungepita, haijafutwa.